Kijana ajifunze wapi kuamua? Chuo cha wananchi, baraza la watoto, klabu ya mtaa au bunge la bustanini

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, au likizo ndefu ikikaribia, nyumba nyingi huwa na mjadala mmoja: huyu kijana aende wapi? Majibu yanajulikana. Kozi ya kompyuta, ufundi umeme, Kiingereza, au akakae kwa mjomba. Makala haya yanalinganisha sehemu za aina nyingine, zile ambazo kijana, akiwa nje ya darasa la kawaida, anaweza kujifunza kutoa hoja mbele ya wenzake, kushindwa kwenye kura bila kususa, kushika pesa za kikundi na kuzitolea hesabu, na kumpinga mkubwa bila kumvunjia heshima.

Nimechagua sehemu nne ambazo msomaji wa Tanzania au Kenya anaweza kuzifikia, au kuiga mfano wake mtaani kwake: Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, Mabaraza ya Watoto, klabu inayoendeshwa na vijana wenyewe kama MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare, Nairobi, na mabunge ya wazi ya mitaani pamoja na vituo vya haki. Skauti sikuwaweka, ingawa nauheshimu sana utaratibu wao wa vikundi vidogo vinavyoongozwa na mtoto mwenzao. Skauti hufundisha uongozi vizuri, lakini ahadi na kanuni zake mtoto huzikuta zimeshaandikwa, naye huapa kuzifuata. Mimi natafuta mahali ambapo kanuni yenyewe inaweza kujadiliwa na kubadilishwa.

Kila sehemu nitaiuliza swali moja kabla ya mengine yote: vijana wa hapa wamewahi kuamua jambo ambalo wakubwa hawakulipenda, na jambo hilo likafanyika?

Kwa nini swali hilo

Kwa sababu haki imeshaandikwa. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 12, unampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009, kifungu cha 11, inasema hivyo hivyo na kuongeza kwamba anayo haki ya kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Shida iko kwenye utekelezaji. Mwaka 1992 Roger Hart, katika andiko alilolifanyia UNICEF, alichora ngazi ya ushiriki wa watoto yenye vidato vinane, na vitatu vya chini akavitoa kabisa kwenye ushiriki: watoto kutumiwa, watoto kuwa mapambo ya shughuli, na watoto kuwekwa mbele ili ionekane tu kwamba wamo. Mtu aliyewahi kukaa kwenye sherehe zetu akasikiliza risala za watoto anavijua vidato hivyo vitatu bila kuchorewa.

Upande wa pili wa kipimo zipo shule ambazo zimekwenda mbali mno kwa mazoea yetu. Summerhill, iliyoanzishwa na A. S. Neill mwaka 1921 na ambayo iko Suffolk, Uingereza, huendeshwa kwa mkutano ambamo mtoto mdogo kabisa na mwalimu mkuu kila mmoja ana kura moja. Mwanafunzi halazimishwi kuingia darasani. Wakaguzi wa serikali walipotaka kuibana mwaka 1999, kesi ilifika mahakamani London mwaka uliofuata, na wanafunzi waliokuwapo wakafanya mkutano wao ndani ya chumba hicho hicho cha mahakama, wakapiga kura kabla ya makubaliano kutiwa saini. Huko Framingham, Massachusetts, shule ya Sudbury Valley iliyofunguliwa 1968 huwapa wanafunzi kura juu ya bajeti, na hata juu ya nani katika wafanyakazi aendelee na kazi mwaka unaofuata.

Sizitaji ili umpeleke mwanao huko. Ni shule za kulipia, na ziko mbali. Nazitaja ili tujue mwisho wa kipimo uko wapi, maana bila hivyo tutaita ushiriki kitu chochote ambacho watoto wamepewa kipaza sauti.

Chuo cha Maendeleo ya Wananchi

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ni hazina ambayo Watanzania wengi wanaipita barabarani wakidhani ni chuo cha useremala tu.

Asili ya vyuo hivi ni Denmark. Mchungaji N. F. S. Grundtvig aliona kwamba wakulima wa nchi yake walikuwa wanakaribia kupewa sauti katika utawala ilhali hakuna aliyewaandaa kwa hilo. Chuo cha kwanza kilifunguliwa Rødding mwaka 1844, miaka mitano kabla ya katiba iliyomaliza utawala wa mfalme asiyehojiwa. Vijana wa mashambani walikwenda huko majira ya baridi, shamba likiwa limelala. Waliishi pamoja, wakaimba, wakasikiliza historia, wakabishana. Hapakuwa na mtihani wala cheti. Sweden ilianza vya kwake mwaka 1868, na ni kutoka Sweden ambako Mwalimu Nyerere alilichukua wazo hilo. Kuanzia 1975, kwa msaada wa Sweden, vyuo vikaanza kujengwa wilaya baada ya wilaya. Leo ni zaidi ya 50, kuanzia Arnautoglu jijini Dar es Salaam hadi Newala, Bigwa, Ilula na Tarime, na viko chini ya Wizara ya Elimu.

Wazo hilo lilipofika lilikuta udongo uko tayari. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ilikuwa imewakusanya takriban watu milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, vijijini na mijini. Kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma kijitabu, kikajadili, kikaamua cha kufanya kabla ya wiki inayofuata: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia dimbwi. Hiyo nayo ni elimu ya kidemokrasia, yenye jembe mkononi.

Leo kijana akienda chuo cha wananchi atakuta kozi za ufundi za muda mrefu, aghalabu miaka miwili, na kozi fupi kadiri ya mahitaji: umeme wa majumbani, uashi, ushonaji, ufundi magari, kilimo na mifugo, mapishi. Anaweza kukaa bweni au kwenda na kurudi. Ada yake kwa kawaida ni nafuu kuliko ya chuo binafsi. Na kwa binti aliyekatizwa masomo kwa ujauzito au ndoa, programu ya Elimu Haina Mwisho, inayoendeshwa na shirika la Karibu Tanzania katika vyuo hivi, imefanya jambo ambalo shule ya kawaida haikulifanya: mama anasoma, na mtoto wake ana mahali pa kulelewa na kufundishwa hapo hapo chuoni. Mabinti hao hujifunza masomo ya sekondari, fani, na stadi za maisha kwa pamoja.

Sasa swali letu. Vyuo hivi vina serikali ya wanachuo, na serikali hiyo hushughulika na chakula, usafi, michezo na nidhamu. Bajeti na walimu haviguswi. Kwa maoni yangu, ile mbegu ya Denmark imebaki hai kwenye kuishi pamoja na imefifia kwenye kujadili, kwa sababu cheti cha ufundi kimekuwa ndicho lengo, na cheti kina mtaala, mtaala una mtihani. Simlaumu mwanachuo wala mkuu wa chuo. Kijana asiye na kazi anahitaji cheti kuliko alivyokihitaji mtoto wa mkulima wa Rødding aliyekuwa na shamba la kurudia.

Lakini tofauti kati ya chuo na chuo ni kubwa. Ukikitembelea, omba kuona muhtasari wa kikao cha mwisho cha serikali ya wanachuo. Kama hakuna, umeshajibiwa. Kama upo, tazama maombi waliyoyatoa na uulize yapi yalitekelezwa. Uliza pia kama rais wa wanachuo huingia kwenye vikao vya uongozi wa chuo au huitwa tu kupewa taarifa.

Ipo ndugu ya vyuo hivi iliyochukua njia nyingine, nayo inafaa kukumbukwa. Myles Horton, Mmarekani, alikwenda Denmark kuviona vyuo vya Grundtvig, akarudi Tennessee na kushiriki kuanzisha chuo cha Highlander mwaka 1932. Hakukuwa na cheti wala mtaala. Watu walikuja na tatizo la kwao na kuondoka na mpango. Rosa Parks alihudhuria mafunzo hapo majira ya joto ya 1955, na Desemba mwaka huo akakataa kumpisha mzungu kiti cha basi. Mwaka 1957, watu weusi wa Johns Island, kisiwa cha South Carolina, walipotaka kusoma ili waweze kujiandikisha kupiga kura, mwalimu aliyechaguliwa alikuwa Bernice Robinson, mtengeneza nywele ambaye hakuwahi kufundisha. Alichaguliwa kwa sababu hiyo hiyo. Siku ya kwanza aliwauliza wanafunzi wake wanataka kujifunza nini. Serikali ya jimbo iliifunga Highlander mwaka 1961. Kwa hiyo shina moja limezaa chuo kinachotoa mafundi na chuo kilichotoa wapigania haki, na kijana wako anaweza kuhitaji kimoja zaidi ya kingine.

Baraza la Watoto

Mabaraza ya Watoto nchini Tanzania yamepangwa kufuata ngazi za utawala, kuanzia chini hadi Baraza la Watoto la Jamhuri ya Muungano. Wajumbe wake ni chini ya miaka 18, na walezi wake wa karibu ni maafisa maendeleo ya jamii na ustawi wa jamii, wakisaidiwa na mashirika ya watoto. Ni bure. Mtoto anajifunza kuendesha kikao, kuandika muhtasari, kusimama mbele ya mkuu wa wilaya bila kutetemeka. Wapo waliotoka humo na kuwa watangazaji, wanasheria na wanaharakati hodari.

Udhaifu wake unaonekana vizuri zaidi tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika. Siku hiyo inawakumbuka wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976 kwa kukataa kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikaans. Walikuwa vijana waliosema hapana. Halafu katika viwanja vingi mtoto husimama na kusoma risala ambayo kila neno lake limepitiwa na ofisi, mgeni rasmi hujibu kwamba serikali imesikia, watoto hupewa soda, shughuli imekwisha. Mtoto ambaye mwaka mzima wa baraza lake ni siku hiyo peke yake hajajifunza kuamua. Amejifunza itifaki.

Baraza zuri lipo, na unalitambua kwa kazi yake kati ya Juni na Juni. Linakutana bila kusubiri mfadhili alete nauli. Linafuatilia jambo dogo la karibu, kama vile choo cha shule kisicho na mlango, hadi mtendaji wa kata achoke kuliona. Swali la kumwuliza mlezi wa baraza ni rahisi: risala ya mwaka jana aliiandika nani? Akikuambia "tuliwasaidia kidogo", omba kuongea na watoto wenyewe.

Kwa waliovuka miaka 18, Bunge lilipitisha Sheria ya Baraza la Vijana la Tanzania mwaka 2015. Kabla ya kumweleza kijana wako kuwa kuna baraza la kujiunga, fika ofisi ya vijana ya halmashauri yako uone lililopo katani kwenu ni lipi na linakutana lini.

Klabu ya mtaa: mfano wa MYSA

Mathare, Nairobi, 1987. Watoto wanacheza mpira wa makaratasi katikati ya taka. Bob Munro, Mkanada aliyekuwa akiishi Nairobi, anasaidia kuanzisha ligi kwa sharti moja: mkifanya kitu, nami nafanya kitu. Hivyo ndivyo MYSA, yaani Chama cha Michezo cha Vijana wa Mathare, kilivyopata kanuni yake iliyojulikana duniani, kwamba timu hupata pointi za ligi kwa kusafisha mtaa kama inavyopata kwa kushinda mechi. Timu yenye mafundi wa mpira isipojitokeza na toroli na koleo inaweza kupitwa kwenye msimamo na timu ya kawaida iliyojitokeza. Mwaka 1992 chama kilipewa tuzo ya mazingira ya Umoja wa Mataifa, na mwaka huo huo wasichana wakaanza kuingia kwenye ligi. Timu yake ya wakubwa, Mathare United, ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008.

Mpira ndio unaosifiwa, lakini kinachonigusa ni daftari. Ligi iligawanywa katika kanda, na kila kanda ina viongozi wanaochaguliwa na vijana wenyewe. Ratiba, waamuzi, usafi, malalamiko ya timu, vyote vimepita mikononi mwa watu ambao kwingine wangeambiwa wakae kimya wakubwa wanaongea. Kazi ya kujitolea huhesabiwa pointi, na pointi hizo humsaidia kijana kupata msaada wa karo. Kwa hiyo uongozi hapa una gharama na una faida, na vyote viwili vinaonekana Jumamosi ijayo, siyo baada ya miaka mitano.

Hilo ndilo linaloitofautisha na baraza. Mtoto wa baraza akitoa hoja mbovu hakuna kinachoharibika, na akitoa nzuri mara nyingi hakuna kinachotengenezeka. Kiongozi wa kanda akipanga mechi mbili uwanja mmoja saa moja, timu nne zitamfuata. Akiwa mwoga wa kuinyima pointi timu ya rafiki yake, ligi nzima itajua. Anajifunza haki kwa kuitoa, akiwa na miaka kumi na tano.

Swali letu hapa linapata jibu la ndiyo, ndani ya mipaka ya uwanja. Udhaifu upo. Klabu za namna hii husimama kwa pesa za wafadhili, na mfadhili akiondoka ndipo inajulikana nani alikuwa anaamua kweli. Pia kijana anaweza kuongoza ligi ya mamia ya watoto bila kuuliza hata siku moja kwa nini gari la taka la kaunti haliji. Kusafisha mtaro ni jema. Kuuliza kodi inakwenda wapi ni somo jingine, na huenda akalipata bustanini.

Bunge la bustanini, kijiwe na kituo cha haki

Katikati ya Nairobi iko bustani ya Jeevanjee. Tangu miaka ya 1990 wananchi hukutana hapo na kujiita Bunge la Mwananchi. Wana spika, wana utaratibu wa kuomba nafasi, na lugha yao kubwa ni Kiswahili. Bei ya unga, kodi, katiba, mashamba, kila kitu huingia. Anayesikiliza kwa wiki mbili atajua kuhusu bajeti ya kaunti mambo ambayo hakuyasikia katika miaka minne ya sekondari. Kampala walikuwa na ekimeeza, mijadala ya meza iliyorushwa redioni moja kwa moja, hadi serikali ilipoipiga marufuku mwaka 2009. Unguja kuna Jaws Corner, penye kahawa na siasa za asubuhi hadi usiku. Dar es Salaam vijiwe vya kahawa havihesabiki.

Ndugu wa karibu wa mabunge haya ni vituo vya haki vya mitaa, kama kile cha Mathare, ambako vijana hujifunza kuandika kumbukumbu za mauaji yanayohusishwa na polisi, kuwasindikiza wafiwa mahakamani, na kupanda miti kwa ajili ya wenzao waliouawa. Hapo somo la katiba linaanza na jirani aliyezikwa.

Nguvu ya sehemu hizi ni kwamba hakuna mgeni rasmi. Hakuna wa kumpendeza. Mwaka 2024 vijana wa Kenya waliufasiri Muswada wa Fedha, wakaueleza kwa video fupi na kwenye mijadala ya mtandaoni, kifungu kwa kifungu, na tarehe 26 Juni Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Sijui darasa la uraia lililowahi kufikia hapo. Lakini siku moja kabla, vijana walipigwa risasi karibu na Bunge wakafa. Mzazi hawezi kulisoma tukio hilo nusu.

Hatari hii ina historia. Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru, wanakijiji walijenga jukwaa lao la wazi, wakafanya mazoezi mbele ya kila mtu, na wakulima na wafanyakazi wakarekebisha mchezo wa kuigiza hadi ukawa wao. Ulionyeshwa Oktoba 1977, kibali kikafutwa mwezi uliofuata, Ngũgĩ wa Thiong'o, mmoja wa waandishi wa mchezo huo, akawekwa kizuizini mwisho wa mwaka, na 1982 jukwaa likabomolewa. Mahali ambapo watu wanaamua kweli huwa panaogopwa.

Udhaifu mwingine ni wa ndani. Kwenye mabunge haya ya wazi na vijiweni wanaume ni wengi, wenye sauti kubwa hutawala, na hakuna anayemlea mgeni. Binti wa miaka kumi na saba hawezi kuketi Jaws Corner saa tatu usiku kwa amani, hata awe na hoja nzito kiasi gani. Wala huwezi kujua aliyekaa kando yako amekuja kujadili au kumtafuta mtu wa kumtumia kwenye kampeni.

Zikiwekwa sambamba

Ukitafuta cheti, chuo cha wananchi kinashinda na hakuna mjadala. Klabu inaweza kukupa barua nzuri ya utambulisho, baraza linaweza kukupa cheti cha ushiriki kisichokupa kazi, bunge la bustanini halikupi karatasi yoyote.

Kwa pesa, baraza na bunge ni bure, klabu inadai muda na viatu, chuo kina ada na vifaa. Lakini uliza zaidi ya ada: nani anashika pesa za pamoja? Katika klabu yenye afya utakuta kijana ambaye ni mweka hazina na ana daftari la mapato na matumizi ambalo mwanachama yeyote anaweza kulifungua. Barazani pesa karibu zote hushikwa na ofisi. Kijana ambaye hajawahi kushika pesa za wengine atakutana na kishawishi hicho kwa mara ya kwanza akiwa diwani.

Kuhusu mabinti, nakipa chuo nafasi ya kwanza, hasa kwa mwenye mtoto. Baraza la pili, kwa sababu aghalabu linazingatia uwiano wa wavulana na wasichana. Klabu inategemea kama kazi za nyumbani zinamwachia binti jioni. Popote utakapompeleka mtoto, wa kike au wa kiume, uliza hili kwanza kabisa: akidhulumiwa na kocha, mlezi au mwalimu, anamwambia nani aliye nje ya mamlaka ya huyo mtu? Wasipokuwa na jibu la papo hapo, mrudishe nyumbani.

Na heshima. Tumelelewa na methali ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na tumelelewa pia na ile ya penye wengi hapaharibiki neno. Kijana anayemwamkia mlezi shikamoo saa nne, saa tano anatakiwa kupiga kura kinyume chake. Hilo haliwezekani kwa kumhimiza ajiamini tu, linahitaji utaratibu. Sehemu nzuri humpa kijana kiti cha mwenyekiti kwa zamu, mkubwa hunyoosha mkono kama wengine na kusubiri, na jambo zito huamuliwa kwa kura ya siri. Nimeona walezi wa klabu wakifanya hivyo vizuri kuliko walimu, labda kwa sababu hakuna anayewakagua mwisho wa muhula. Kenya ilipoanza mwaka 2009 kuleta mabaraza ya wanafunzi yaliyochaguliwa badala ya viranja walioteuliwa na walimu, ilikuwa inalikabili jambo hili hili ndani ya shule.

Sasa umpeleke wapi

Kijana aliyemaliza kidato cha nne bila alama za kuendelea, aliye mkimya na asiye na kazi: chuo cha wananchi, akae bweni, agombee nafasi yoyote katika serikali ya wanachuo. Kuishi na watu wa wilaya nyingine kutamfungua kuliko kozi yenyewe. Binti mwenye mtoto, hivyo hivyo, na aulizie Elimu Haina Mwisho kwa jina.

Mtoto wa miaka kumi hadi kumi na tano mwenye nguvu nyingi: klabu, bila kusita. Iwe ya mpira, ngoma, sarakasi au mazingira, ilimradi watoto wenyewe ndio wapange ratiba na kutoa adhabu. Mtoto mwepesi wa kuongea apelekwe barazani, lakini awe na klabu pembeni, la sivyo atazoea kusikilizwa bila kuwajibika.

Aliyevuka miaka 18 na anayefuatilia siasa, usimzuie kwenda kwenye bunge la wazi au kituo cha haki. Atakwenda tu. Kaa naye mjue sheria ya mikutano, namba ya wakili, na nani apigiwe simu akikamatwa.

Kama mtaani kwako hakuna hata kimoja, vijana wanane wanatosha kuanza. Chagueni jambo moja lililo karibu, kama taka za soko au vitabu vya maktaba ya kata. Mwenyekiti awe kwa zamu, kila kikao mtu mwingine. Wekeni mchango mdogo na daftari, ili kuwe na pesa za kubishania. Andikeni kila uamuzi, jina la anayeutekeleza na tarehe, na kikao kinachofuata kianze kwa kusoma ukurasa huo kabla ya hoja mpya. Mkishapita miezi michache hivyo, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mkaulize taratibu za kusajili kikundi, mkiwa na katiba mliyoiandika wenyewe na muhtasari wa vikao mkononi.